Usilifukuze Wazo Baya, Lihoji

Mtu akilemewa na mawazo, ushauri anaoupata kwa ndugu, majirani na wafanyakazi wenzake huwa ni uleule: acha kuwaza. Wanaomwambia hivyo wanamtakia mema, na yeye mwenyewe angependa kuacha hata kabla hajaambiwa. Lakini akili haipokei amri ya namna hiyo. Mwaka 1987 mwanasaikolojia Daniel Wegner na wenzake huko Texas, Marekani, waliwapa wanafunzi wa chuo kazi iliyoonekana nyepesi: kwa dakika 5 wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia akilini wapige kengele. Kengele zilipigwa, tena si mara moja. La kushangaza zaidi lilikuja baadaye, waliporuhusiwa kumfikiria dubu huyo watakavyo. Wale waliotangulia kujizuia walimfikiria mara nyingi kuliko wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Na dubu mweupe hamuumizi mwanafunzi yeyote. Weka mahali pake ada ya shule isiyolipwa, au neno alilolitupa mume jana usiku, ndipo utaona kwa nini ushauri wa kuacha kuwaza humwacha mtu na mizigo miwili: wazo lenyewe, na uchungu wa kuona kwamba hata kuliacha kumemshinda.

Ushauri mwingine umeshamiri siku hizi kwenye mikutano ya wahamasishaji na katika video fupi za simu: wazo baya lifunike kwa zuri. Simama mbele ya kioo, jiambie kwamba wewe ni mshindi, unapendwa, utafanikiwa. Huu nao umepimwa. Mwaka 2009 Joanne Wood na wenzake wa Kanada walichapisha utafiti ambamo watu walitakiwa kujirudia kimoyomoyo kwamba wao ni watu wa kupendeka. Waliokuwa wakijithamini tangu zamani walipata nafuu kidogo. Waliokuwa wakijidharau, yaani haohao ambao ushauri huu umetungwa kwa ajili yao, walijisikia vibaya kuliko wenzao wa hali ileile ambao hawakujiambia lolote. Sababu yake haiko mbali. Mtu akijiambia jambo asiloliamini, moyo humjibu papo hapo kwa ushahidi wa kulipinga: unapendwa na nani, mbona fulani alikuacha, mbona kazini walikuruka. Maneno matamu yanaamsha mabishano ambayo mwenye huzuni hana nguvu ya kuyashinda.

Ipo njia ya tatu, nayo ndiyo iliyokusanya ushahidi mwingi kwa zaidi ya nusu karne: kulichukua wazo kama dai, si kama habari iliyothibitishwa, kisha kulihoji. Aliyeiweka njia hii katika utaratibu wa tiba ni Aaron Beck, daktari wa magonjwa ya akili wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, aliyezaliwa mwaka 1921 na kufariki mwaka 2021 akiwa na miaka 100. Alifunzwa katika mapokeo ya Sigmund Freud, yaliyosema kwamba mwenye sonona ana hasira iliyofichika ambayo ameigeuzia nafsi yake. Beck alipozichunguza ndoto za wagonjwa wake akiitafuta hasira hiyo, alikutana na mambo mengine: hasara, kushindwa na kukataliwa, vikijirudia. Akabaini pia kwamba kati ya tukio na huzuni hupita sentensi fupi, haraka kiasi kwamba mgonjwa haitambui mpaka aulizwe. Wameniona mjinga. Haiwezekani tena. Kila siku ni mimi tu. Sentensi za aina hii haziji na hoja wala ushahidi, ila mwenyewe huziamini kuliko anavyoamini maneno ya mtu mwingine yeyote. Nazo zina mtindo: zinatabiri mabaya, zinadai kujua yaliyo moyoni mwa watu, zinachukua tukio moja na kuligeuza kanuni ya maisha yote. Ujumbe wa simu umesomwa na haujajibiwa, basi amenidharau. Nani kasema?

Tumchukue fundi cherehani aliyerudishiwa gauni kwa sababu linabana kwapani. Mchana amempokea mteja kwa adabu, amemwambia aje Ijumaa. Usiku, taa ikishazimwa, linamjia wazo: kazi imenishinda, wateja wote watanikimbia. Akilifukuza litarudi. Akijiambia kwamba hakuna fundi mjini kama yeye, hatajiamini. Basi alichukue lile daftari lake la vipimo, afungue kurasa za nyuma, aandike: kumetokea nini, nimejiambia nini, nina ushahidi gani kwamba ni kweli, nina ushahidi gani kwamba si kweli, na kama ni fundi mwenzangu aliyerudishiwa gauni hilo ningemwambia nini. Kuandika si urembo. Wazo la kichwani halina mwisho. La kwenye karatasi lina nukta. Upande mmoja anaandika kwamba gauni limerudi, na hilo halina ubishi. Upande wa pili anakumbuka kwamba mwezi mzima hakuna nguo nyingine iliyorudi, kwamba mama aliyeshonewa sare za harusi amemleta na mdogo wake, kwamba hata huyu mwenye gauni hakudai pesa zake, aliomba tu liachiwe kidogo. Kisha inajitokeza sehemu ambayo wazo lilikuwa na ukweli wake: vipimo vya gauni lile alitumiwa kwa simu, hakumpima mteja kwa futi yake. Sasa lile neno kubwa la kushindwa kazi limerudi kwenye ukubwa wake halisi, na lina dawa. Fumua mshono wa kwapa, tumia akiba ya kitambaa iliyoachwa ndani, na kuanzia leo usikate nguo ya kubana kwa vipimo vya kusimuliwa. Fundi huyu hakujidanganya wala hakujisifu. Amepata habari sahihi zaidi kuhusu kazi yake kuliko aliyokuwa nayo alipokuwa akijilaumu gizani.

Wazo moja la usiku haliwezi kumharibia mtu maisha. Kinachoharibu ni mazoea ya kuwaza na kuwazua jambo lilelile bila kufika popote, na kuhusu hili kuna ushahidi ninaouthamini sana kwa namna ulivyopatikana. Susan Nolen-Hoeksema, akiwa Chuo Kikuu cha Stanford huko California, alikuwa amewapima wanafunzi hali zao za moyo na kuwauliza wanafanya nini wanapohuzunika. Wiki mbili baadaye, tarehe 17 Oktoba 1989, tetemeko la ardhi la Loma Prieta likalipiga eneo hilo na kuua watu zaidi ya 60. Akawapima tena wanafunzi walewale siku 10 baada ya tetemeko na tena baada ya wiki 7. Waliokuwa na mazoea ya kujiinamia na kuichambua huzuni yao, kwa nini niko hivi, nina kasoro gani, ndio walioonyesha dalili nyingi zaidi za sonona, hata baada ya kuzingatia hali waliyokuwa nayo kabla ya tetemeko. Kwa kuwa mazoea yao yalijulikana kabla ya janga, ni vigumu kusema kwamba janga ndilo lililowafundisha kuwaza hivyo.

Sasa mtu atajuaje kwamba anafikiri, na si kwamba anazunguka? Kipimo changu ni hatua. Kufikiri humfikisha mtu kwenye jambo la kufanya, hata liwe dogo: nitampigia simu, nitauliza bei, nitaomba radhi, nitasubiri mpaka tarehe 5. Ukiwa umewaza nusu saa na huna hatua mpya hata moja, umeshatoka kwenye kufikiri, na kuendelea hakutakupa jibu. Thomas Borkovec na wenzake walijaribu katika miaka ya 1980 mbinu inayofaa hapa, na uzuri wake ni kwamba haimtaki mtu aache kuwaza. Inamtaka atenge nusu saa kila siku, mahali palepale na wakati uleule, iwe ndiyo saa ya wasiwasi. Wasiwasi ukimjia nje ya saa hiyo, anaupokea, anauahirisha na kurudi kwenye alilokuwa akilifanya. Waliofuata utaratibu huo walipunguza muda waliokuwa wakiupoteza kwa wasiwasi. Tofauti yake na kumkataza dubu mweupe ni kubwa: wazo limepewa nafasi yake, halijafukuzwa. Wala mtu asitarajie mazoea ya miaka kuvunjika kwa wiki moja. Utafiti wa Phillippa Lally uliofanyika London na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watu waliokuwa wakijijengea mazoea madogo kama kunywa maji au kutembea, na kwa wastani iliwachukua siku 66, wengine siku 18, wengine ikakadiriwa ingefika siku 254. Hayo ni mazoea ya mwili. Ya kichwani sioni kwa nini yawe mepesi zaidi.

Hapa ndipo msomaji mwenye shida zake atakaponikatiza, na ana haki. Kodi ya nyumba imepanda, mtoto anaumwa, kibarua kimeota nyasi, nawe unamwambia mtu ahoji mawazo yake? Tatizo liko mfukoni, haliko kichwani. Pingamizi hili ni zito kuliko mengine yote, na wapo wanaoyatumia mafundisho ya furaha vibaya. Mwajiri anayewalipa watu mshahara wa dhuluma kisha akawaletea semina ya kuwaza vizuri anapaswa kuulizwa kwanza habari za mshahara. Lakini tuone kilichotokea Harare, mahali ambapo hakuna atakayesema shida zilikuwa za kufikirika. Mwaka 2005 serikali ya Zimbabwe ilibomoa makazi na vibanda vya biashara katika operesheni iliyoitwa Murambatsvina, na Umoja wa Mataifa ukakadiria kwamba watu wapatao 700,000 walipoteza nyumba, riziki au vyote viwili. Madaktari wa magonjwa ya akili katika nchi nzima walikuwa wachache mno. Mwaka uliofuata mmoja wao, Dixon Chibanda, alianza kazi katika mtaa wa Mbare akiwa na mabibi 14, wahudumu wa afya wa jamii. Hapakuwa na chumba wala wauguzi wa ziada, hivyo benchi likawekwa nje ya zahanati, na bibi akaketi na mgonjwa.

Bibi wa Mbare hamwambii mtu aache kuwaza, na hamwambii kwamba mambo yatakuwa sawa. Anamsikiliza mpaka amalize. Wanayataja matatizo yote, moja baada ya jingine, kisha mgonjwa mwenyewe anachagua lipi waanze nalo. Wanatafuta hatua inayowezekana kwa wiki hiyo: kwenda kuzungumza na mwenye nyumba kabla hajaja yeye, kumweleza dada jambo lililofichwa, kwenda kuchukua majibu ya kipimo. Anakwenda, anarudi, wanaangalia kilichotokea. Baadaye anajiunga na kikundi cha wenzake waliopitia benchi. Watafiti walipoupima utaratibu huo kwa watu 573 katika zahanati 24 za Harare na kuchapisha matokeo mwaka 2016, baada ya miezi 6 wenye dalili za sonona miongoni mwa waliokaa kwenye benchi walikuwa asilimia 13.7, na miongoni mwa waliopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa walikuwa asilimia 49.9. Makundi yote mawili yaliishi katika mji uleule, kwa bei zilezile za unga na nauli zilezile. Jijini Nairobi nako, wahudumu wa afya wa jamii wasio wataalamu wa akili waliwafundisha wanawake, wengi wao wakiwa wamepitia ukatili, kuukabili msongo na kuyapanga matatizo yao kwa vikao 5 tu, na utafiti uliochapishwa mwaka 2017 ukaonyesha kwamba walipata nafuu kuliko wenzao. Benchi la Harare limeshafika Malawi na Zanzibar.

Kwa hiyo jibu langu kwa mwenye shida ni hili. Shida yako ni ya kweli. Ila juu ya shida hiyo kuna sentensi nyingine, kwamba hakuna la kufanya, na hiyo ndiyo inayokuzuia kumfuata mwenye nyumba, kuomba nafasi ya kazi ya pili baada ya kukataliwa ya kwanza, kwenda kliniki. Shida ya mfukoni haiondoki kwa kuwaza, lakini mtu aliyeshawishika kwamba amekwisha hataigusa hata pale penye upenyo. Maskini ndiye anayeumizwa zaidi na wazo hilo, kwa sababu nafasi zake ni chache na akipoteza moja gharama yake ni kubwa.

Pingamizi jingine linatoka ndani ya sayansi yenyewe. Mwaka 1996 Neil Jacobson na wenzake waliigawa tiba ya Beck vipandevipande ili waone kipi kinachoponya. Wagonjwa waliopewa sehemu moja tu, ile ya kupanga na kuzifanya shughuli za kila siku walizokuwa wameziacha, walipona sawasawa na waliopewa tiba nzima pamoja na kuhoji mawazo. Je, mawazo yana kazi gani basi? Wapo waliohitimisha kwamba hayana. Mimi nauona utafiti huo kwa namna nyingine. Mtu anayejiambia kwamba watu hawamtaki, kisha akaenda kwenye kikao cha vikoba na kupokewa vizuri, amelihoji wazo lake kwa miguu. Ushahidi wa namna hiyo una nguvu kuliko wa daftari. Ndiyo maana katika mfano wa fundi, zoezi lake halikuishia kwenye karatasi, liliishia kwenye mshono wa kwapa; na ndiyo maana bibi wa Mbare hamwachi mgonjwa aondoke bila hatua. Kwa mtu aliyezama sana, asiyeweza hata kushika kalamu, ningeanza na shughuli: kuoga, kutoka nje asubuhi, kumtembelea mtu mmoja. Kuhoji kutakuja baadaye.

Wengine hudhani kwamba haya ni mambo ya Wazungu, au kwamba yanashindana na imani: mwenye kumtegemea Mungu anahitaji dua, hahitaji daftari. Zaidi ya miaka 1,000 kabla ya Beck, mwanachuoni Mwislamu Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kitabu kuhusu afya ya mwili na ya nafsi. Humo alishauri kwamba kama watu wenye busara wanavyoweka dawa nyumbani kwa ajili ya maradhi ya ghafla, vivyo hivyo mtu ajiwekee mawazo yenye afya wakati ametulia, ili ayatumie huzuni au hofu ikimvamia. Na anayesoma Biblia atakumbuka Zaburi ya 42, ambamo mwenye kuomba anaigeukia nafsi yake na kuiuliza sababu ya huzuni yake. Dua na kujihoji vimekaa pamoja tangu zamani. Anayeomba riziki bado huamka kwenda shambani, na anayeomba utulivu wa moyo hakatazwi kuyachunguza anayojiambia.

Wapo pia wanaoogopa kwamba wakiacha kujilaumu watazembea. Walilelewa kwa kukaripiwa, na sasa wanajikaripia wenyewe ili wasonge mbele. Juliana Breines na Serena Chen wa California walilichunguza jambo hili katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2012. Wanafunzi walioshindwa mtihani wa msamiati na kukumbushwa wasijihukumu kwa ukali walitumia muda mrefu zaidi kujiandaa kwa mtihani uliofuata kuliko wale wasiokumbushwa hivyo. Inaeleweka. Anayejiita mjinga hana sababu ya kufungua kitabu, kwa kuwa kitabu hakiondoi ujinga wa kuzaliwa nao. Aliyekubali kwamba hakuijua sura ya tatu anajua pa kuanzia usiku huo.

Haya yote ni kwa mawazo ya kawaida ya kila siku, yale yanayomchosha mtu lakini anakula, analala na anafanya kazi. Yana mpaka. Ikiwa wiki mbili zimepita na huna hamu ya lolote, usingizi umekatika, chakula hakipiti, au umeanza kuona kwamba ni heri usingekuwepo, usibaki nyumbani na daftari. Sonona ni ugonjwa, una dawa na una tiba ya mazungumzo, na aliyeshikwa nao hakuutaka. Nenda kituo cha afya kilicho karibu, na ukifika usiseme tu kwamba kichwa kinauma. Mwambie mhudumu waziwazi yanayokupitia moyoni. Na kama ni ndugu yako ndiye aliye katika hali hiyo, usimwambie aache kuwaza. Muulize anawaza nini, msikilize amalize, kisha fuatana naye hospitali.